Kutoka Daku hadi Futari: Uratibu wa Umetaboli katika Mwili Uliofunga na Maana Yake kwa Mgonjwa wa Kisukari

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mwili wa binadamu unavyotumia nishati na kuuratibu umetaboli wake, kwa kuuchunguza mwili huo katika siku moja ya saumu ya Ramadhani kwenye mwambao wa Afrika Mashariki. Saumu imeteuliwa kwa sababu inauweka mwili katika hali mbili zinazopingana, shibe na njaa, ndani ya muda unaojulikana na unaoweza kupimwa. Makala yanaonesha kwamba kiwango cha glukosi katika damu hubaki karibu pale pale mchana kutwa, si kwa sababu mwili haufanyi kazi, bali kwa sababu ini, kongosho, misuli na mafuta hubadilishana majukumu saa hadi saa. Aidha, makala yanaeleza kwa nini baadhi ya dawa za kisukari huyavuruga mabadilishano hayo, na kwa nini maelezo yanayotolewa kwa wagonjwa kwa Kiswahili hayana budi kutenganisha dhana ambazo lugha ya kila siku imeziweka chini ya neno moja, sukari.

Istilahi muhimu: umetaboli, nishati, glukosi, glaikojeni, insulini, saumu

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alivutwa na mada hii na tukio la nyumbani kabla hajavutwa na maktaba. Mama yake mkubwa, aliyekuwa akitumia vidonge vya kisukari kwa miaka mingi, alianguka jikoni wakati wa alasiri katika siku za mwanzo za Ramadhani, akiwa anakuna nazi. Alikuwa amekula daku vizuri. Alikuwa amemeza kidonge chake kama alivyoelekezwa katika kliniki aliyokuwa akihudhuria: kila siku asubuhi, bila kuacha. Waliokuwepo walidhani sukari imepanda, kwa kuwa kwa mujibu wa uelewa wa wengi, mgonjwa wa kisukari akianguka, sukari ndiyo iliyopanda. Kumbe ilikuwa imeshuka. Jirani mmoja aliyekuwa na busara zaidi ya wengine alimpaka asali ndani ya shavu, na baada ya muda mfupi akafumbua macho.

Swali lililobaki ni hili: kwa nini mtu asiye na kisukari, aliyekula daku ile ile na kukuna nazi ile ile, haanguki? Jibu lake haliwezi kutolewa kwa sentensi moja. Linahitaji maelezo ya nishati ni nini ndani ya seli, inahifadhiwa wapi, na nani anayeamuru itolewe.

2.0 Nishati ndani ya seli

Katika mazungumzo ya kawaida, neno nguvu hutumika kwa uwezo wa kuinua mzigo, kwa afya, kwa mamlaka na hata kwa mali. Katika biolojia, neno linalohitajika ni nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi ambao haupotei bali hubadilika umbo. Kiumbe hai hakitengenezi nishati. Mmea huipokea kutoka kwenye nuru ya jua na kuifunga katika vifungo vya kikemia vya wanga. Anayekula mmea huifungua. Jumla ya mabadiliko yote ya kikemia yanayofanyika katika kufunga na kufungua huko, kujenga na kuvunja, ndiyo inayoitwa umetaboli.

Seli haiwezi kuitumia glukosi moja kwa moja, kama vile ambavyo mashine ya kusaga haiwezi kuendeshwa na mahindi. Inahitaji molekuli ya kati. Molekuli hiyo ni adenosini trifosfeti, kwa ufupi ATP, iliyogunduliwa na Karl Lohmann nchini Ujerumani mwaka 1929. Glukosi moja ikivunjwa hadi mwisho kwa msaada wa oksijeni hutoa molekuli za ATP zipatazo 30. Sehemu kubwa ya ATP hizo huundwa ndani ya mitokondria, ambako protoni husukumwa upande mmoja wa utando na kisha kurudi kupitia kimeng'enya kinachozunguka, mfano wa maji yanayozungusha jiwe la kusagia. Peter Mitchell alipolitoa wazo hilo mwaka 1961 wenzake wengi hawakuliafiki; mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobeli kwa ajili yake.

Jambo linalopaswa kusisitizwa ni kwamba ATP haiwekwi akiba. Kiasi kilichomo mwilini kwa wakati wowote ni kidogo mno, ilhali kiasi kinachotumika na kuundwa upya katika siku moja hukaribia uzito wa mwili wenyewe. Hii ina maana kwamba kila ATP huvunjwa na kuundwa tena mamia ya mara kwa siku. Mwili kwa hiyo hauishi kwa akiba ya ATP. Unaishi kwa kutokatika kwa malighafi ya kuiundia. Njaa, kwa mtazamo wa seli, ni tishio la kukatika kwa malighafi hiyo.

3.0 Hesabu ya kijiko kimoja

Damu ya mtu mzima ni takriban lita 5. Glukosi iliyomo humo, katika hali ya kawaida, ni gramu 4 hadi 5 tu, sawa na kijiko kimoja cha chai. Wengi huona ajabu wanapoelezwa hivyo, hasa wanapokumbuka vijiko vinavyotiwa katika kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Sasa, mwili uliopumzika hutumia glukosi kwa kasi ya takriban gramu 8 kwa saa, na zaidi ya nusu ya hizo huchukuliwa na ubongo. Ubongo una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na hauna ghala la maana la glukosi wala hauwezi kutumia asidi za mafuta kama chanzo kikuu.

Ukigawanya gramu 4 au 5 kwa gramu 8 kwa saa, unapata nusu saa na ushei. Yaani, kama damu isingejazwa upya, glukosi yote ingekwisha katika muda unaokaribia ule wa kupika chungu cha wali. Mwanadamu aliyefunga hukaa saa 13 na zaidi. Uratibu wa umetaboli ni maelezo ya namna pengo hilo linavyozibwa.

4.0 Siku ya saumu

Katika mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, urefu wa mchana haubadiliki sana kwa kuwa tuko karibu na Ikweta. Saumu huanza takriban saa 11 alfajiri na kukoma takriban saa 12 na nusu jioni, mwaka hadi mwaka, bila kujali Ramadhani imeangukia mwezi gani. Waswahili wanaoishi London hawana bahati hiyo: Ramadhani ikiangukia Juni, saumu hupita saa 18. Maelezo yanayofuata ni ya saumu ya mwambao.

4.1 Baada ya daku

Chukulia mtu amekula daku saa 10 na nusu alfajiri: wali, mchuzi wa maharage ya nazi, na chai. Wanga huvunjwa kuwa glukosi, nayo huingia kwanza katika mshipa unaoelekea kwenye ini. Mpangilio huo wa mishipa una maana kubwa, kwa sababu ini hupata nafasi ya kuchukua sehemu yake kabla ya glukosi kusambaa mwili mzima.

Wakati huo huo kongosho hupima. Upimaji wake unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndio ufunguo wa suala la dawa tutakalolijadili baadaye. Ndani ya kongosho, katika visiwa vya Langerhans, zimo seli za beta. Seli hizi hazina jicho la kuiona glukosi. Zinachofanya ni kuiunguza. Glukosi ikiwa nyingi katika damu, nyingi huingia katika seli ya beta, na ATP nyingi huundwa. ATP hiyo hufunga vijilango fulani vya potasiamu vilivyomo kwenye utando wa seli. Vikifungwa, chaji ya umeme ya utando hubadilika, vijilango vya kalisi hufunguka, kalisi huingia, na insulini iliyokuwa imehifadhiwa katika vifuko humwagwa kwenye damu. Glukosi ikipungua, ATP hupungua, vijilango vya potasiamu hufunguka, na insulini hukoma. Kwa maneno mengine, seli ya beta huujua wingi wa chakula kwa kukionja. Ni mpango mwepisi na wa kutegemeka kiasi kwamba mtu hujiuliza kama upo mpango bora kuliko huo.

Insulini ni ujumbe wa shibe. Inaiambia misuli na tishu za mafuta zichukue glukosi. Inaliambia ini liunganishe glukosi kuwa glaikojeni. Inayazuia mafuta yasivunjwe. Ini la mtu mzima aliyeshiba huweza kuhifadhi takriban gramu 100 za glaikojeni. Misuli huhifadhi takriban gramu 400, lakini misuli haina kimeng'enya cha kuiachia glukosi huru irudi katika damu. Glaikojeni ya misuli ni ya misuli tu. Ghala la ini peke yake ndilo la jamii.

4.2 Kuanzia saa 3 asubuhi

Kufikia saa 2 au saa 3 asubuhi, chakula cha daku kimekwisha kufyonzwa. Glukosi inaanza kushuka kidogo, insulini inashuka nayo, na seli za alfa za kongosho zinaongeza glukagoni. Glukagoni hufika kwenye ini na kugonga mlango bila kuingia: hujishikiza kwenye uso wa seli, na ndani ya seli hutokea mjumbe wa pili, ambaye kwa kumtambua Earl Sutherland alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1971. Mjumbe huyo huwasha mfululizo wa vimeng'enya, kila kimoja kikiwasha vingi zaidi, hadi glaikojeni inapoanza kukatwa na kuwa glukosi. Ishara ndogo huzaa matokeo makubwa kwa sekunde.

Hata hivyo, ini haliishi kwa kukata akiba tu. Sambamba na hilo, huunda glukosi mpya kutokana na vitu visivyo wanga: laktati inayotoka kwenye misuli na chembe nyekundu za damu, gliseroli inayotoka kwenye mafuta, na asidi amino inayotoka kwenye protini. Kati ya saa 3 asubuhi na magharibi, ini hutoa takriban gramu 80 za glukosi. Kadiri mchana unavyosonga, sehemu inayotoka kwenye glaikojeni hupungua na ile ya glukosi mpya huongezeka. Kwa hiyo mtu mwenye afya anapofuturu, ini lake kwa kawaida bado lina akiba. Msemo kwamba aliyefunga amekaukiwa kabisa ifikapo alasiri hauna ushahidi wa kibiokemia. Anachokaukiwa zaidi ni maji.

4.3 Mafuta

Watu wengi huuliza kwa nini mwili ujitaabishe kuunda glukosi ilhali umebeba mafuta. Mtu mwenye umbo la wastani ana kilo 10 au zaidi za mafuta, na kila gramu ina kilokalori 9, zaidi ya mara mbili ya wanga. Kwa nishati tupu, hilo ni ghala la wiki kadhaa. Tatizo ni kwamba katika mwili wa binadamu asidi za mafuta hazigeuzwi kuwa glukosi. Hatua moja katika njia ya kemia, ile ya pairuveti kuwa asetili-koenzaimu A, ni ya upande mmoja, anayeivuka harudi.

Suluhisho la mwili ni kugawana. Insulini ikishuka, mafuta hufunguliwa, na misuli, moyo na ini lenyewe huanza kutumia asidi za mafuta ili glukosi iachiwe ubongo na chembe nyekundu za damu. Ni adabu ile ile ya nyumba yenye mgonjwa: uji mzito aachiwe yeye, wazima wale kilichopo. Saumu ikirefuka kwa siku nyingi, ini hugeuza asidi za mafuta kuwa ketoni, ambazo ubongo huweza kuzitumia. George Cahill na wenzake huko Boston walionesha mwaka 1967 kwamba baada ya wiki kadhaa za kutokula, sehemu kubwa ya nishati ya ubongo hutoka kwenye ketoni. Hilo halitokei katika saumu ya siku moja. Ketoni huongezeka kidogo jioni, basi.

4.4 Futari

Tende kavu ina sukari zaidi ya nusu ya uzito wake, na sukari hiyo ni glukosi na fruktosi ambazo hazihitaji kumeng'enywa kwa muda mrefu. Muhogo, magimbi na ndizi mbichi za nazi hufuata polepole, kwa kuwa wanga wake ni lazima ukatwe kwanza na mafuta ya nazi huchelewesha tumbo kumimina. Desturi ya kuanza na tende chache kisha kuswali kabla ya kukaa kwenye sinia inaupa mwili nafasi ya kuanza kutoa insulini kabla mzigo mkubwa haujaingia. Kaimati na tambi za sukari zinazoletwa kwa pamoja, tena nyingi, ni habari nyingine.

5.0 Kidonge kinachofunga kijilango

Turudi kwa mama mkubwa. Kidonge alichomeza daku kilikuwa glibenklamidi, dawa ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitumiwa sana kwa kuwa bei yake ni nafuu. Dawa hiyo na jamaa zake hufanya kazi mahali pale pale tulipopaeleza katika 4.1: hujishikiza kwenye vijilango vya potasiamu vya seli za beta na kuvifunga. Seli ya beta hudanganyika. Haijaonja glukosi yoyote, lakini kwa kuwa vijilango vimefungwa, huamini shibe imekuja na humwaga insulini.

Uthabiti wa maelezo haya unadhihirika kwa upande wa pili pia. Mwaka 2004 ilibainika kwamba baadhi ya watoto wanaozaliwa na kisukari wana kasoro ya kijeni inayoviacha vijilango hivyo wazi daima. Baadaye wengi wao waliachishwa sindano za insulini wakapewa vidonge vya kundi hili, navyo vikawafaa. Kijilango ni kile kile, kwa mmoja ni tiba na kwa mwingine ni hatari, kutegemea ameshiba au amefunga.

Katika siku ya kawaida, mgonjwa humeza kidonge na kunywa chai, hula mchana, hula usiku. Insulini inayotolewa hupata glukosi ya kuishughulikia. Katika siku ya saumu, kidonge cha daku huendelea kufanya kazi hadi jioni, kwani athari ya glibenklamidi huweza kudumu kwa saa 24, na kwa mzee mwenye figo dhaifu huzidi kulimbikizana. Ifikapo alasiri, insulini iko juu wakati ambapo ilipaswa kuwa chini. Matokeo yake ni matatu kwa wakati mmoja: ini linazuiwa kukata glaikojeni na kuunda glukosi, mafuta yanazuiwa kufunguliwa, na misuli inaamriwa kuchukua glukosi. Ongeza kukuna nazi, maana misuli inayofanya kazi huchukua glukosi hata pasipo insulini. Kijiko kimoja cha chai hakina muda mrefu.

Dalili za kwanza ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na njaa kali. Hizo husababishwa na adrenalini, ambayo ni jaribio la mwisho la mwili kuliamsha ini. Kisha hufuata kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu, kwa kuwa ubongo umekosa chakula chake. Hatari ipo katika ukweli kwamba dalili za kwanza hufanana na uchovu wa saumu, na mwenye imani hujikaza.

Hili si tukio la nyumba moja. Utafiti uliojulikana kama EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 na kuhusisha wagonjwa wa kisukari 12,243, uligundua kwamba matukio makali ya kushuka kwa glukosi wakati wa Ramadhani yaliongezeka mara 4.7 kwa wagonjwa wa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wale wa aina ya pili. Utafiti huo huo ulionesha kwamba asilimia 79 ya wagonjwa wa aina ya pili walifunga angalau siku 15. Daktari anayemwambia mgonjwa asifunge, kisha akanyamaza, kwa hiyo anazungumza na wachache. Aliyobaki nao ni watu watakaofunga.

Ikumbukwe kwamba si dawa zote ziko hivi. Metfomini hupunguza uundaji wa glukosi kwenye ini bila kuilazimisha kongosho, na ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha glukosi kupita kiasi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani nayo inaeleza kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mama mkubwa alikuwa na miaka 67.

6.0 Suala la lugha

Mgonjwa huyu hakukosa bidii. Alifuata maelekezo neno kwa neno. Kilichokosekana ni maelezo yanayotenganisha mambo matatu. Sukari ya kwenye kopo ni kitu kimoja. Glukosi ya damu ni kitu kingine, ambacho mwili hukitengeneza hata usipoonja kitu. Na ugonjwa wa kisukari ni kushindwa kuratibu, si wingi wa kitu cha kwanza. Mgonjwa anayeambiwa "una sukari" hupata picha ya chombo kilichojaa, na hitimisho lake ni la kimantiki kabisa: nikifunga, chombo kitapungua, na kidonge kitanisaidia kukipunguza zaidi. Hawezi kulitarajia anguko la alasiri kwa sababu picha aliyopewa haina nafasi ya upungufu.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kueleza mambo haya, na kwamba ndiyo maana kliniki hutumia maneno machache. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao. Maneno ya kueleza yapo: ghala, akiba, kijilango, ujumbe wa shibe. Istilahi kama umetaboli na glaikojeni zinahitajika katika tasnifu. Katika chumba cha ushauri kinachohitajika ni sentensi nne au tano zilizonyooka. Mathalani: "Ini lako ni ghala. Unapofunga, ini ndilo linalokulisha. Kidonge hiki hulifunga ghala. Ukikimeza daku na usile mchana, unaweza kuishiwa. Kwa hiyo, kabla ya mwezi kuandama, tuangalie upya kidonge gani umeze, kiasi gani na saa ngapi."

Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unashauri kipimo cha dawa za kundi hili kinachomezwa mara moja kwa siku kihamishiwe kwenye futari, na unamtaka mgonjwa afungue ikiwa glukosi yake imeshuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, yaani milimoli 3.9 kwa lita, au imepanda kupita 300. Kupima kwa kuchoma kidole hakubatilishi saumu, na aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimeshamruhusu mgonjwa kufungua. Mama mkubwa alibadilishiwa dawa mwezi wa Shaabani uliofuata. Ramadhani hiyo alipima kila alasiri, akiandika namba nyuma ya kalenda ya ukutani, na siku mbili alizokuta chini ya 70 alifungua, akazilipa baadaye katika siku fupi za kazi na zenye mawingu.